Mwalimu wa Ndoa Kwenye Masufuria

Ndugu zangu, nimeaibika. Mimi hapa Chapwa, Tunduma, hufundisha mambo ya ndoa mtandaoni, na juzi nilihubiri laivu kwamba mume halisi hagusi vyombo. Nilipomaliza, nikaiacha simu dirishani, nikajifunga kitenge cha mke wangu na kuanza kusugua masufuria, maana yeye hushinda sokoni Vwawa na vyombo ni zamu yangu. Ujumbe ukawa unaingia mfululizo. Nikajisemea, "Leo somo limewaingia!" Nikazidi kusugua huku naimba. Nilipoishika simu nisome pongezi, nikauona uso wangu wenye povu. Kumbe sikuzima! Juu kabisa mke wangu alikuwa ameandika: "Baba Neema, zima simu. Halafu sufuria la maharage bado lina masizi."