Picha ya Nyanya Yake Yesu

Nilikuwa nimelinda magodauni ya Al Quoz, Dubai, kwa miaka minne nilipopewa kazi ya kulinda picha moja. Msimamizi aliniambia niingie chumba cha ndani cha ghala la vitu vya sanaa, nikae kwenye kiti, nisitoke mpaka mama anayeisafisha picha hiyo atoke. Wenye picha walitaka hivyo. Mama huyo alikuwa Mgiriki wa miaka sitini hivi. Nilimwita madam, kama tulivyowaita wote.

Picha yenyewe ilikuwa ubao mzito ulionifika kifuani, mweusi kama sufuria ya kuni. Katikati alikuwapo mwanamke amembeba mtoto wa kike, na kuuzunguka ubao wote kulikuwa na vijipicha kumi na viwili ambavyo havikuonekana vizuri kwa moshi wa mishumaa na vanishi kuukuu. Madam alisema ilichorwa zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na kwamba mwanamke yule ni mama yake Bikira Maria, yaani nyanya yake Yesu.

Mimi nimelelewa Kitui, katika kanisa lisilo na picha hata moja ukutani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na alitufundisha kwamba picha za watakatifu ni kitu cha kukaa mbali nacho. Siku tatu za kwanza niligeuza kiti nikautazama mlango.

Siku ya nne madam aliniomba nimshikie taa. Alichovya kijiti chenye pamba ndani ya dawa, akakiviringisha taratibu juu ya ubao, pamba ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Chini yake likajitokeza vazi jekundu, kisha mzee amekumbatia mwana-kondoo mbele ya madhabahu, na kuhani amemnyooshea kiganja kumzuia. Nikamuuliza habari hiyo iko sura gani. Akasema haimo katika Biblia. Imo katika kitabu cha zamani ambacho Wakristo walikisoma na kukipenda, lakini hakikuingizwa. Mzee yule alikuwa mume wa huyo nyanya, mtu mwema mwenye mali, na sadaka yake ilikataliwa mbele ya watu kwa sababu hakuwa na mtoto.

Mimi na mke wangu tulikuwa na miaka minane ya ndoa bila mtoto. Mwezi wa tano uliotangulia nilikuwa nyumbani likizo, na Jumapili ya akina mama mchungaji aliwaita mama wote mbele waombewe na kupewa leso. Benchi la mke wangu likainuka lote, akabaki peke yake. Mama yangu alikuwa mbele kabisa akipokea leso yake. Mimi nilikuwa mabenchi mawili nyuma, nikainamia kitabu cha nyimbo. Nyumbani sikusema neno. Siku nne baadaye nikamwambia mke wangu kwamba kampuni imeniita kabla likizo haijaisha, nikarudi Dubai. Kampuni haikuwa imeniita.

Pale ghalani, wiki iliyofuata kilisafishwa kijipicha cha pili. Mzee yumo milimani kati ya wachungaji. Madam alisema alipokataliwa hekaluni hakurudi nyumbani, alikwenda moja kwa moja nyikani.

"Alimwambia mke wake?" nikauliza.

"Hapana. Mke alidhani amekufa. Akawa analilia mambo mawili, ujane na utasa."

Katika kijipicha cha tatu mke huyo amesimama bustanini anatazama kiota cha shomoro chenye makinda juu ya mti. Nilikigeuza tena kiti kuelekea mlangoni mpaka zamu ikaisha, nisione.

Msafishaji wa ghala alikuwa mama wa Unguja, Mwislamu, aliyekaa Dubai zaidi ya miaka ishirini. Aliniita mwanangu. Siku moja alipita na ndoo yake, akasimama mbele ya kijipicha cha msichana mdogo ndani ya hekalu, malaika akimpa mkate.

"Huyu Bibi Maryamu," akasema. "Kila Zakaria akiingia kwake mihirabuni anakuta riziki. Mamake alimweka nadhiri angali tumboni. Nyinyi hamna hii?"

Nikamwambia hatuna, naiona mara ya kwanza. Akanisimulia yote, akiegemea fagio, jinsi mama yule alivyotarajia mwana wa kiume akazaa binti, na Mungu akampokea. Kisha akaniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Hakunipa pole. Aliuliza kama mke wangu naye yuko huku, na nilipojibu yuko kwetu akauliza nimeongea naye lini mara ya mwisho. Nilikuwa nimemtumia ujumbe tu, wiki mbili nyuma.

Siku yangu ya mapumziko nilimpigia. Nilianza na habari za picha, nikamweleza yule mzee na mlima wake, kisha nikamwambia ukweli kwamba kampuni haikuniita.

"Siku ile kanisani nilikusikia ukikohoa nyuma yangu," akasema. "Nilingoja uje ukae na mimi."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema yeye amepimwa mara tatu na mimi hata mara moja, na kama nina huruma ya kweli nianzie hapo.

Nilikwenda kliniki moja mtaa wa Deira wiki hiyo hiyo. Daktari alirudia kipimo ili ahakikishe, akanieleza kwa upole kwamba tatizo ni langu na halitarajiwi kutibika. Nilimpigia mke wangu kwanza, kisha mama. Mama aliuliza kama mashine za Dubai haziwezi kukosea. Nikamwambia zimepima mara mbili. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa mke wangu na kuku mkononi, wakapika, wakazungumza habari za mvua. Hakuomba radhi kwa miaka aliyomlaumu, lakini mke wangu alisema aliosha vyombo vyote mwenyewe na hakukubali kusaidiwa.

Madam alimaliza kazi mwezi wa kumi. Kijipicha kimoja, pale yule mzee anaporudi na kukutana na mkewe langoni mwa mji, kilikuwa kimebanduka rangi, zimebaki pindo za nguo na miguu minne. Nilimuuliza mbona hachori nyuso zao. Akasema hajui zilikuwaje. Picha ikafungwa kwenye sanduku la mbao, ikapelekwa kwa wenyewe, nami nikarudishwa lango kuu.

Desemba nilikwenda nyumbani na kukaa likizo nzima. Mimi na mke wangu tuliandikisha majina yetu ili tulee mtoto wa makao ya watoto. Afisa wa watoto amekwishakuja mara mbili, akakagua chumba, akaongea na majirani. Mara ya pili mimi nilikuwa nimesharudi kazini, nikahojiwa kwa simu ya video nikiwa nimevaa sare. Alituuliza kama tunataka mvulana au msichana, na mke wangu akajibu kabla yangu kwamba yeyote aliyepo. Barua ya kukubaliwa bado hatujapata.