Ukuta Kati Yangu na Mama Mkwe

Watu wengi hufikiri shida ya biashara ni wezi, ushuru na bei ya dizeli. Hao hawajawahi kufungua biashara mahali mama mkwe wao anapita kila siku. Mimi nilifungua. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikatolewa shuleni na njaa, si mwalimu, na kila kitu nilicho nacho nilikitoa kwa mgongo huu. Nilibeba ndizi pale soko la Gakoromone, mjini Meru, hadi nikanunua injini kuukuu ya dizeli na mashine ya kusaga mahindi. Sikumwomba mtu. Lakini kwa jambo la mama mkwe mgongo haukunisaidia. Nilihitaji miguu.

Mke wangu ni Mwembu, wa karibu na Karurumo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilienda kuwasalimu watu wake nikaona akina mama wa pale wanabeba mahindi mbali kwenda kusaga. Nikasema, hapa ndipo. Nikaleta injini kwa lori, nikaifunga kwa simiti, nikajenga kibanda cha mabati na kukipaka rangi ya buluu. Wazee wa kwetu Meru waliniuliza swali moja tu: "Na mama mkwe wako anasagia wapi?" Nikacheka. Nilidhani wananitafutia wateja.

Maneno ni haya. Kwetu Meru, na kwao Embu pia, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi hadi mwenzake apite. Hamtazamani machoni, hamli pamoja, hamsemezani. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ina kazi nyingi kuliko chuki. Mchungaji wetu alitufundisha kwamba wokovu umeyamaliza mambo hayo. Ya kwake yalikuwa rahisi kumalizika, mama mkwe wake aliishi mbali kabisa, hata basi la moja kwa moja halikuwepo.

Basi siku ya kwanza mama mkwe alipotokea mlangoni na debe la mahindi, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyeona nyoka. Injini ikabaki inanguruma peke yake. Yeye naye, alipoona kivuli changu kinakimbia, akajifunika uso kwa leso na kugeukia barabara. Mteja mmoja alimmiminia mahindi, mwingine akamfungia unga. Nilirudi baada ya yeye kwenda, nimekwaruzwa mguu na ua la miiba, na watu wote wanacheka.

Hiyo ikawa kazi. Akija, natoka. Tena wateja wakajifunza. Foleni ikiwa ndefu, mwanamke wa nyuma anapaza sauti, "Muthoni wako huyo anakuja!" Muthoni ni mkwe kwa lugha zetu. Mimi mbio! Nikirudi nakuta mama mkwe hakuja kabisa, na mwanamke yule yule ameshasaga bila kulipa, yuko barabarani, anajipangusa unga kwenye nyusi na kuniuliza, "Ulikuwa umeenda wapi, mwenye mashine?"

Siku moja nikiwa huko kwenye miiba, walimwaga mahindi mengi kwa pupa, mashine ikasongwa, injini ikatoa moshi mweusi na kuzima. Nilishinda siku nzima nikiifungua na kuichokonoa kwa kijiti. Nilitukana kwa Kimeru, na kwa kuwa wao ni Waembu, walielewa karibu yote.

Halafu ng'ambo ya barabara akaja mpinzani. Mstaafu wa ofisi kutoka mtaa wa Dallas pale Embu mjini, mtu wa tai, na mashine yake mpya ya kijani. Hakunitisha. Mashine ya mtu wa tai huharibika ikiona tope. Kilichonitisha ni kwamba wiki ile ile niliona leso ninayoijua ikivuka barabara na debe. Mama mkwe wangu alikuwa amehamia kwake.

Sasa sikiliza. Mama mkwe hakuwa mteja hivi hivi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na wale akina mama walimfuata kama vifaranga. Leo wanahama wawili, kesho wanne. Kabla mahindi mapya hayajakauka kibanda changu kilikuwa kimya, mimi nimekaa juu ya gunia napigwa jua. Yule wa tai akawa anaegemea mlango wake na kuniita kwa sauti ya kanisani.

"Mmeru! Hata mama mkwe amekukataa?"

"Amekuhurumia," nikamjibu. "Aliona hiyo mashine yako ni mtoto, haina wa kuilea."

Nilisema hivyo kwa mdomo tu. Ile injini ndiyo ilikuwa shamba langu, karo ya watoto, na jina langu ukweni. Ikinyamaza, ningerudi Gakoromone kubeba ndizi, na mgongo ulikuwa umeshaanza kulalamika.

Jioni nikamwambia mke wangu, "Nenda ukamuulize mama yako nimemkosea nini."

Akaenda, akarudi anacheka hadi anashika mlango. "Anasema hujamkosea, Baba watoto. Anasema yeye ni mtu wa heshima, hawezi kuwa anamfukuza mwanamume kazini kwake kila Jumanne. Anasema aliona damu kwenye mguu wako."

Kumbe! Mimi nilikuwa nakimbia kwa kumheshimu, naye akahama kwa kuniheshimu, na heshima hizo mbili zilikuwa zinanizika mzima.

Nilinunua mabanzi, yale maganda ya miti yanayobaki kwa wapasuaji mbao, nikajenga ukuta katikati ya kibanda. Upande wangu injini na mashine. Upande wa wateja nikaacha matundu mawili, la juu la kumiminia mahindi, la chini la kutokea ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoshusha unga. Mtu anasaga bila kuniona wala mimi kumwona. Mafundi wenye vyeti walipita wakauliza nani alichora. Nikawaambia amechora mama mkwe.

Mke wangu akapeleka habari. Jumanne, nikasikia debe linawekwa chini upande wa pili, halafu mtu anakohoa.

"Wewe mashine," sauti ikasema. Nilijua ni yeye. "Unga wa mwisho niliousaga hapa ulikuwa kama changarawe."

Nilitazama injini. Injini ikanitazama. Kusemezana na mama mkwe ni mwiko, lakini hakuna mzee aliyewahi kukataza mtu kuisemesha injini.

"Mashine imesikia," nikasema. "Inauliza kama mahindi haya yalikauka."

"Mashine ijue nimeanza kuanika mahindi kabla haijazaliwa."

"Mashine inaomba msamaha."

"Isage. Imekuwa na mdomo."

Alisaga, akaenda. Alikuwa amerudi, lakini vifaranga hawakurudi. Walisema wanangoja kuona kama mashine ya Mmeru itadumu.

Ikafika siku ya kuonekana. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa anatarajia wageni wa mahari Jumamosi. Uji wa wageni lazima uchachuke, kwa hiyo nafaka lazima isagwe siku kadhaa mbele. Mama mkwe aliwaleta akina mama wote wa kikundi, kila mmoja na debe, mahindi, mtama na wimbi. Aliwaleta kwangu. Aliwapitisha mbele ya mtu wa tai bila kugeuza shingo.

Nikapiga hendeli ya kuwasha injini kama kijana. Debe la kwanza, lake yeye, likaingia. Lilikuwa limesagwa nusu niliposikia pwaa! Ule mkanda mpana unaozungusha mashine ulikuwa umeachia kwenye kiungo. Meno ya chuma yaliyoshika ncha zake yalirukia mabati. Nikazima.

Ng'ambo, mtu wa tai hakupoteza nafasi. "Akina mama! Leteni huku! Huku hatusagi kwa bahati nasibu!"

Nikasikia madebe yanainuliwa. Nikasikia miguu inavuka barabara. Nilisimama na mkanda mkononi nikijua kwamba hao wakisagia kule uji wa mahari, watasagia kule kila kitu mpaka mazishi.

"Mashine," sauti ya mama mkwe ikaita. Yeye hakuvuka. Hangeweza, nafaka yake ilikuwa tumboni mwa mashine. "Umeumia wapi?"

"Mkanda. Umeachana kwenye kiungo."

"Unataka dawa gani?"

"Kamba ya ngozi ya kuushonea. Na hapa hakuna."

Mara kwenye tundu la unga kikapenya kitu. Ilikuwa mukwa wake, ule ukanda wa ngozi ambao akina mama wa kwetu huvaa kwenye paji la uso kubebea mzigo mgongoni. Ulikuwa umelainika kwa miaka ya kuni na maji.

"Mashine haiwezi kukata kitu hiki," nikasema.

"Mashine iache ujinga. Ikate."

Nikakata ukingoni uzi mrefu wa ngozi, nikatoboa mkanda kwa msumari. Lakini mkanda ule ni mzito, na ncha zake lazima mtu azikutanishe wakati mwingine anashona. Mke wangu alikuwa kwao anamenya viazi. Nikavuta kwa mikono, nikavuta kwa goti, nikavuta kwa meno.

"Mashine inahema sana," akasema.

"Inahitaji mtu wa kushika."

Sikusema lolote zaidi, naapa. Nilisikia kikohozi, nikaona leso inapita mwisho wa ukuta. Mama mkwe aliingia upande wangu kinyumenyume! Amejifunika kichwa, ametazama mabati, mikono ameinyoosha nyuma kama mtu anayesubiri kufungwa pingu.

"Weka," akayaambia mabati.

Nikamwekea ncha mbili mikononi, nikashona huku nimekazia macho msumari. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Hatukugusana wala hatukutazamana. Ukuta ulikuwa umehamia kwenye migongo.

Ila barabarani kulizuka kelele. Mmoja alikuwa amegeuka akaona mwenyekiti hayupo. "Ameingia! Ameingia kwa muthoni wake!" Wakarudi wote, mbio, na madebe vichwani, si kwa ajili ya kusaga, ni kwa ajili ya kuchungulia. Walijaza lile tundu macho. Walipofika, yeye alikuwa ameshatoka, amesimama na debe lake kana kwamba hakwenda popote.

"Mnatafuta nini?" akawauliza. "Foleni inaanzia kwangu."

Nikapiga hendeli. Kiungo kikashika. Wakaona aibu kuvuka tena barabara, wakasaga wote, mpaka wimbi la mwisho.

Nilipeleka mbuzi kwao, kwa kuwa mama mkwe akiisha kuingia upande wako lazima mbuzi aseme neno la kufuta mwiko. Nikaongeza mukwa mpya. Baada ya hapo tuliruhusiwa kusalimiana, kwa mbali, kila mmoja akitazama ng'ombe. Akina mama walibaki kwangu, na si kwa sababu ya unga tu. Walikuwa wameonja kusema na mashine. Nilikuwa nasikia, "Mashine, mume wangu amenunua redio na paa linavuja." Nami najibu, "Mashine inasema paa kwanza." Mtu wa tai alijenga ukuta wake, lakini yeye alikuwa anajibu kwa maneno ya ofisini, na hakuna mtu anayetaka kulalamikia ofisi.

Miaka ikapita, mchwa wakala yale mabanzi. Nikaona hakuna haja tena, tumeshasalimiana, mbuzi ameliwa. Nikabomoa.

Jumanne mama mkwe akaja na debe. Akasimama, akatazama ule uwazi, akanitazama mimi upande wa sikio. Hakunisalimu. Alienda moja kwa moja hadi kwenye injini, akainamia.

"Mashine," akasema, "mwambie mwenye kibanda arudishe ukuta wetu."