Spika Mbili na Sikio la Fundi Saa

Haya ninayoandika hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe niliyekuwepo, niliyezishika spika hizo kwa mikono yangu miwili, bado nikizikumbuka najikuna kichwa. Ukiwasha moja, unasikia muziki. Ukiwasha ya pili peke yake, unasikia muziki. Ukiziwasha zote pamoja, muziki unaondoka. Ndiyo, mbili zikawa pungufu ya moja. Mwenye kucheka acheke sasa amalize, maana huko mbele hakuna nafasi.

Spika ni za dada yangu, kitinda mimba wetu, fundi saa. Mtaani wanamwita Sikio. Jina hilo hakulipata kwa ukubwa wa masikio, ingawa tulipokuwa wadogo nilijitahidi sana watu waamini hivyo. Amelipata kwa kazi. Ukimpelekea saa ya zamani, ile ya kujazwa kwa kuzungusha kifundo cha ubavuni, haifungui kwanza. Anaiweka sikioni, anafumba macho, anatulia kama mtu anayenong'onezwa umbea. Halafu anakwambia, "Hii imeangushwa," au, "Hii imeingia maji, na mwenyewe unanificha." Nimeona watu wazima na heshima zao wakiangalia vidole vya miguu.

Kazi alirithi kwa marehemu baba. Kusema kweli baba alianza na mimi, mwanawe mkubwa, lakini akaona kipaji changu ni kikubwa mno kwa vitu vidogo vile. Yeye alilisema kwa namna nyingine: kwamba ninapumua kwa nguvu na skrubu zinaruka.

Hapa ninapoandikia ni kwenye meza yake ya kazi. Chumba ni chembamba, kaunta ya kioo mbele, meza nyuma, na ukutani saa kumi na tisa ambazo kila moja ina saa yake. Ukitaka kujua ni saa ngapi unamuuliza mpita njia. Yeye yuko mbele yangu, lenzi jichoni, anafukua saa ya mtu. Anadhani naandika barua ya maombi ya kazi.

Basi. Siku moja nilimkuta ameinamia kiredio chake kile cha rafuni, chenye sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye kopo.

"Kaka," akaniambia, "katika wimbo huu kuna gitaa la besi. Zamani nilikuwa nalisikia. Hiki kiredio kinalimeza."

"Nunua spika," nikasema. "Mimi spika nazijua kama kiganja changu."

Tukaenda kwa muuza vyombo chakavu, nyuma ya duka la rangi. Nikamwonyesha mbili ndefu, za rangi ya fedha, zina taa za kumetameta, mtu ukiziweka sebuleni hata mgeni wa kudai kodi anaondoka kwa adabu. Dada akanyanyua moja kwa kidole kimoja. Ikanyanyuka.

"Kaka, hii ni sura tupu. Ndani hamna kitu."

Akazunguka banda zima. Kila kasha analigonga kwa kifundo cha kidole, analitegea sikio. Koni ya karatasi, ile inayotoa sauti, anaibonyeza taratibu kwa vidole vinne, asikie kama inakwaruza. Mwisho akasimama mbele ya muuzaji mwenyewe.

"Samahani, naomba usimame."

"Kuna nini, mama?"

"Umekalia spika zangu."

Kweli. Moja alikuwa ameikalia, ya pili ameweka chupa ya chai juu yake. Makasha mawili ya mbao ya kahawia, mazito, yamechubuka kama magoti ya mtoto, lakini koni nzima na mpira wa ukingoni bado laini. Muuzaji akacheka, akatuachia kwa bei ya kandambili. Kandambili nzuri, lakini kandambili.

Jumapili ile sebule ya dada yangu ikageuka karakana. Tukazifungua. Ndani palikuwa patupu, mbao zimeachana pembeni, na waya mwembamba kama uzi wa buibui. Dada akagonga ubavu wa kasha, akakunja uso. "Unasikia? Kasha lenyewe linaguna. Spika inaimba, kasha linaitikia bila kuulizwa."

Akaziba kila ufa kwa gundi. Akakata kipande cha fimbo, akakikaza ndani kutoka ubavu hadi ubavu ili mbao zisitikisike. Akakata mpira wa tairi la baiskeli, akazivisha miguu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kitu kifuani.

Shemeji yangu, mumewe, dereva wa lori la maji, akamfuata kwa macho. "Mke wangu, huo si mto wangu?"

"Ulikuwa."

"Sasa nitalalia nini?"

"Utalalia mkono. Wenzako wote wanalalia mkono."

Sufi ya mto ikaingia kwenye makasha, nusu huku, nusu kule, kuzuia sauti isirukeruke ndani. Zikabaki nyaya. Ya kwanza akalehemu mwenyewe. Ya pili nikamnyang'anya chuma cha lehemu, maana mimi nilisoma chuo cha ufundi muhula mzima, isipokuwa mwisho wake na sehemu ya katikati.

"Kaka, angalia," akasema. "Waya huu una mstari mwekundu. Unakwenda kwenye kidoti chekundu cha spika. Usichanganye."

"Dada, umeme hauna macho, utaonaje rangi? Waya ni waya."

Nikalehemu. Lehemu iling'aa, naapa, hata shemeji alisogea kuitazama.

Tukaiunganisha ya kwanza peke yake na kiredio, tukaijaribu. Loo! Lile gitaa la besi likatoka likitembea, dum, dum, unalihisi kwenye kiti. Dada akashika mdomo. Tukaijaribu ile yangu peke yake. Vilevile! Tena mimi niliona kama inaizidi kidogo. Akaunganisha zote mbili, akaziweka kushoto na kulia, akakaa katikati na mikono mapajani kama anayesubiri kupigwa picha.

Sura yake ikabadilika.

"Besi imekwenda wapi?"

"Ipo," nikasema. Mimi nilikuwa nimeegemea ile ya kulia.

"Haipo. Na huyu mwimbaji amesimama wapi? Simwoni." Akageuka nyuma, kabisa, akaangalia kabatini. "Ni kama anaimba nyuma ya kichwa changu."

Akazima moja. Besi ikarudi. Akaiwasha. Besi ikaondoka. Akazima, akawasha. Shemeji akaitwa.

"Unasikia nini?"

"Nasikia muziki."

"Muziki gani?"

"Wa kupiga." Huyo mtu anashinda na injini ya lori; kwake kitu kisichonguruma ni kimya.

Nikakalishwa mimi katikati. Hapa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Nilipokaa pale, nami nilisikia. Besi imekauka, mwimbaji yuko pote na hayuko popote, kichwa kinanizunguka kama nimeshuka bembea. Nikajiuliza, jamani, ni uzee? Mimi, kwa umri huu mzuri?

"Safi kabisa," nikasema. "Hakuna kasoro."

Dada akaniangalia muda mrefu. "Basi ni mimi," akasema.

Wiki ile nzima alihangaika. Akasogeza spika, akazipandisha kwenye viti, akazielekeza ukutani, akabadilishana kushoto na kulia. Msomaji wa habari akawa anasomea mara nyuma ya pazia, mara darini. Akaziba sikio moja kwa pamba, akahamishia la pili. Hesabu yake ilikuwa hii, na mimi na muhula wangu wa chuo sikuweza kuipangua: spika hii nzima, spika ile nzima, watu wawili wanasema pamoja ni safi. Kibovu kilichobaki ni masikio.

Nilikuwa nacheka hadi Alhamisi. Alhamisi aliingia dukani muuguzi mstaafu, bibi mwembamba, na saa yake ya mkononi ya kujazwa, ile aliyohesabia mapigo ya wagonjwa miaka yote.

"Mwanangu, inachelewa. Isikilize."

Dada akaiweka sikioni, akafumba macho. Akaitoa. Akaiweka sikio la pili. Akairudia la kwanza. Nikaona shingo yake inatoa jasho.

"Bibi," akasema polepole, akimrudishia saa kwa mikono miwili, "mpelekee yule fundi wa karibu na posta. Mimi hizi za kusikiliza siku hizi sipokei. Nabaki na za betri."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Bibi akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye tabibu. Nikatazama saa za ukutani. Saa kumi na tisa, hakuna hata moja iliyonisaidia.

Alipotoka, dada akasema bila kugeuka, "Baba alikuwa ananiambia mikono hufundishika, sikio huzaliwa nalo. Sasa limekwisha. Nitabadilisha betri za watu mpaka nizeeke." Kisha, "Zile spika zirudishe, kaka. Sitaki kuziona nyumbani."

Nilitamani kumwambia kwamba hata mimi nilisikia. Lakini ningeanzaje? Nimeshasema safi kabisa, na neno langu mtaani linajulikana.

Ijumaa asubuhi nikazibeba hadi dukani ili tuzipeleke pamoja. Nikaziweka juu ya kaunta, vitambaa vya mbele vimevuliwa, koni wazi. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo akili ya mtu mzima ilipofanya kazi. Nilichukua betri ya saa ya ukutani, nikatafakari kwa kina juu ya sayansi, nikasema, hebu nigusishe nyaya hizi kwenye—

"Kaka."

Dada amenyanyua kichwa. Lenzi ingali jichoni, ameinama mezani, anasoma maandishi yangu kichwa chini miguu juu. Sikujua kwamba anaweza.

"Betri ilikuwa mkononi mwa nani?"

Sawa. Ilikuwa mkononi mwake. Amerudi kwenye kazi yake, tuendelee.

Dada yangu ana mazoea: chombo hakirudi kwa mwenyewe kabla hajahakikisha kinapumua, asije akaambiwa kimekufa kwake. Saa ya betri iliyokwama huigusisha na betri kwa nyaya mbili, aone mshale unashtuka upande gani. Basi akazifanyia spika hivyohivyo, kwa mazoea tu, wala hakuwa na wazo lolote. Waya wenye mstari kwenye kichwa cha betri, mwingine kwenye kitako. Akagusa ya kwanza. Tap! Koni ikatoka nje, kama mtu anayetoa kitambi. Akagusa ya pili vilevile. Tap! Koni ikaingia ndani.

Akavaa lenzi. Akagusa tena ya kwanza: nje. Ya pili: ndani.

"Kaka, hebu njoo."

"Naona hapa hapa."

"Njoo."

Nikaenda. Akagusa tena mara tatu huku ameniangalia mimi wala si spika.

"Hii ikisukuma hewa, hii inavuta," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anaogopa kulishtua jibu likakimbia. "Ni watu wawili wanasukuma mlango mmoja, huyu upande huu, huyu upande ule. Besi inafia pale katikati. Pale pale nilipokuwa nimekaa." Akashika masikio yake yote mawili kwa viganja. "Ilikuwa haipo kweli. Nilisikia sawasawa, kaka. Nilisikia sawasawa!"

Akafungua kasha la pili. Pale penye kidoti chekundu palikuwa na waya usio na mstari, na lehemu inayong'aa vizuri sana. Akaugeuza, akaziunganisha na kiredio, akawasha zote mbili, na yule mwimbaji akatoka kabatini, akaja kusimama katikati ya kaunta kana kwamba anataka kununua saa. Gitaa la besi likatembea mpaka kioo cha kaunta kikatetemeka. Mimi nilikaa kitako. Sikuelewa kitu na bado sielewi vizuri: waya zilezile, umeme uleule, umegeuzwa tu, na mtu mzima karibu aache kazi aliyoachiwa na baba yake.

Jioni hiyohiyo dada alifunga duka mapema, akaenda mwenyewe nyumbani kwa muuguzi. Saa ilikuwa bado iko naye. Hakuwa amempelekea yule fundi wa posta. "Nilijua utakuja," alisema. Dada akaiweka saa sikioni pale pale mlangoni, akafumba macho.

"Uliidondosha bafuni."

Bibi akaangalia vidole vya miguu.

Ndiyo saa anayoifukua sasa hivi mbele yangu. Spika ziko juu ya rafu, kila upande moja, na watu wanasimama nje kusikiliza. Wanauliza nani fundi wa spika hizi, nami kwa unyenyekevu huinua mkono. Maana lile kosa la waya, nimelichunguza kwa makini, na nimegundua si la binadamu. Mimi nililehemu mwekundu kwa mwekundu, nakumbuka kabisa, shemeji ni shahidi, bali sufi ile ya mto ilipopata joto ilivimba, ikausukuma waya, ukajizungusha wenyewe mpaka upande wa pili, ukajilehemu tena kwa—

"Kwa nini, kaka? Malizia. Ukajilehemu kwa chuma gani?"