Maneno ya Kinyala Mbele ya Wakubwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima, nikafika kabla ya mfagizi. Nilikuwa nimeacha kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari ya wasichana ili niwe mkalimani wa serikali, na kusema kweli sikujua mkalimani hufanya nini hasa. Nilidhani ni mtu mwenye lugha nyingi, basi. Mkuu wa Kitengo cha Ukalimani, mzee mmoja wa Pangani mwenye sauti ya chini, hakunipa kiti. Alimwita tarishi wa ofisi, akamwomba aeleze namna anavyoumwa, kisha akaniambia niyaseme maneno hayo kwa Kiingereza.

"Anasema mgongo unamuuma tangu Jumapili," nikaanza.

"Nani anasema?" akauliza Mkuu.

"Tarishi, mzee."

"Hapana. Mkalimani hasemi 'anasema'. Mgongo huo sasa ni wako. Rudia."

Nikarudia: mgongo unaniuma mimi. Tarishi akanitazama kwa huruma, kama vile kweli nimeugua. Hapo ndipo Mkuu akanionyesha pa kukaa.

Ninyi vijana mnaoniuliza juu ya kazi hii, anzieni hapo. Mengine ni ufundi tu. Upo ukalimani fuatizi: mtu anasema, ananyamaza, nawe unafuata. Upo ule sambamba, unaofanywa ndani ya kibanda cha kioo, msemaji anasema huku nawe unasema nyuma yake kwa sekunde chache, na wawili mnapokezana kwa sababu akili huchoka upesi kuliko miguu. Na upo wa kunong'ona, ambao ndio nilioufanya zaidi: unakaa nyuma ya bega la kiongozi wako, unamtilia maneno sikioni, nawe usinukie kitunguu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoanza kufunguliwa. Maduka yalianza kujaa sabuni na vitenge, mashirika ya umma yalikuwa yakivunjwa au kuuzwa, na neno "soko huria" lilikuwa kwenye kila hotuba. Mawaziri wetu walisafiri mno kwenda kwenye mikutano ya nchi kubwa kiuchumi, na mimi nikasafiri nao. Kabla sijaiona mikutano hiyo nilidhani wakuu wa dunia huketi, hubishana, kisha huamua. Si hivyo. Wakuu wanapofika, mawaziri wao wameshakutana. Na kabla ya mawaziri, kuna watu wanaoitwa maafisa waandalizi, ambao kwa miezi mingi wamekaa wakiandika tamko la pamoja, yaani yale maneno ambayo wakuu watatangaza kuwa wamekubaliana. Sentensi ambayo bado ina ubishi hufungiwa ndani ya mabano. Kazi yote ya mkutano ni kuondoa mabano. Wakati mwingine mabano huondoka na maneno yakabaki, wakati mwingine huondoka pamoja na maneno yake.

Sisi nchi ndogo tuliitwa siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, katika chumba kidogo kisicho na kibanda. Ni kama kualikwa harusini pilau ikiwa imeshapakuliwa. Tulisikilizwa kwa adabu, tukapigwa picha, tukarudi nyumbani.

Mwaka mmoja, nchi mwenyeji ya mkutano ilikuwa ya watu wasemao Kifaransa, na afisa mwandalizi wake akaomba kuja kuona mwenyewe mageuzi ya uchumi yanavyokwenda mashambani. Wizara ikachagua Rungwe, kwa sababu ya chai. Mkuu akaniita.

"Atuganile, wewe si wa Tukuyu?"

"Wa Kawetele, mzee."

"Wazee wa huko wanasema Kiswahili?"

"Wanakisema. Lakini wakikasirika wanarudi kwenye Kinyakyusa."

"Basi nenda. Nataka mtu atakayewasikia wakikasirika."

Tulifika Kinyala, kijiji cha huko Rungwe, mvua ikinyesha, ile mvua yetu isiyo na haraka. Wakulima walikuwa wamekusanyika kanisani, kwa kuwa banda la kupimia majani ya chai lilikuwa linavuja. Mgeni alikuwa mtu mrefu, mpole, viatu vyake vimejaa tope hadi kwenye kamba. Alieleza mpango ulioandikwa katika rasimu ya tamko: serikali zipunguze matumizi, biashara ya mazao iachiwe wafanyabiashara, na barabara za vijijini zitunzwe na wale wanaozitumia. Nikayasema yote kwa Kiswahili. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Afisa Tawala wa wilaya, aliyekaa kando yangu, akaonekana kufarijika.

Ndipo akasimama Sekela. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mwenye shamba la chai lililopakana na la mjomba wangu, na watu walimchagua kuwa mwenyekiti wa banda kwa sababu hakuna aliyetaka kubishana naye. Alianza kwa Kiswahili, akamaliza kwa Kinyakyusa.

"Juzi nilichuma tangu umande haujakauka," alisema. "Nikabeba hadi bandani. Lori la kiwanda halikuja, limekwama mtoni. Majani yakapata joto ndani ya gunia, yakawa mekundu, kiwanda hakiyataki. Nimeyamwaga shambani. Sasa migomba yangu inakunywa chai kuliko mimi. Mgeni anasema tushindane sokoni. Sijakataa kushindana. Lakini nitashindanaje na mtu nikiwa bado nimekwama mtoni?"

Afisa Tawala akaniinamia. "Dada, hapo lainisha kidogo. Hawa ndio wanaotusaidia."

Sikumjibu, maana mkalimani akianza kujibu wa pembeni hupoteza wa mbele. Niliyasema yote kwa Kifaransa, na migomba nikaitia. Mgeni akacheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Barabara ikitengenezwa, nani ataitunza baadaye?"

"Ya kwenu anaitunza nani?" akauliza Sekela.

Mgeni akatazama tope la viatu vyake. "Serikali," akasema. "Lakini kwetu watu wanalipa kodi kubwa."

"Na sisi tukifika kiwandani tutalipa," akasema Sekela, akaketi.

Mkutano mkuu ulipofika, mimi nilikuwa nyuma ya bega la Waziri wetu. Katika rasimu mpya nikaona jambo lililonifanya nisome mara ya pili: ndani ya mabano palikuwa na maneno kwamba barabara za vijijini zisiachwe nje ya bajeti za serikali. Afisa mwandalizi alikuwa ameyabeba hadi mezani. Yalikaa ndani ya mabano hadi asubuhi ya mwisho. Asubuhi hiyo mabano yakaondolewa, na maneno nayo yakaondoka. Hakuna aliyepiga meza wala kupaza sauti. Tulipoitwa baada ya chakula tuligawiwa karatasi mpya, na mahali pale palikuwa pamezibwa vizuri, huwezi kujua kuwa palikuwa na kitu.

Niliporudi nilimwambia Mkuu kwamba nataka kwenda Kinyala kuwaeleza wakulima.

"Mkalimani harudishi majibu," akasema. "Kazi yako imeisha pale ulipofunga mdomo."

"Naomba likizo, mzee. Nikawaone wazazi."

Alivuta kalamu, akatia saini.

Sekela nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, vidole vikikwanyua majani mawili na chipukizi bila yeye kuviangalia. Nikamweleza, mabano na yote. Hakuacha kuchuma.

"Kwa hiyo wamekataa," akasema.

"Wamekataa, mama."

"Na wewe umetoka Dar es Salaam kuja kuniambia hilo."

"Niliona usije ukaendelea kungoja."

Akafika mwisho wa mstari, akatua kikapu. "Umefanya vizuri," akasema. "Kungoja kunachosha kuliko jembe." Jumamosi iliyofuata watu wa Kinyala walitoka na majembe, machepeo na mapanga, wakaanza kuifanyia kazi barabara yao wenyewe. Nami nililima kidogo siku ile, hadi viganja vikatoka malengelenge, kisha nikapanda basi nikarudi ofisini.

Habari zilizofuata nilizipata kwa mjomba. Walifika mtoni. Walipokuwa wakipanga mawe ya kalavati la kupitisha maji, jiwe moja liliporomoka kutoka ukingoni, likamvunja Sekela mguu chini ya goti. Alipelekwa hospitali juu ya machela ya mianzi, na mguu ukaunga vibaya. Tangu hapo akawa mtu wa fimbo. Lakini lori lilipita.

Mwaka uliofuata tukaitwa tena kwenye mkutano wa mawaziri, chumba kidogo kama kile cha baada ya chakula. Waziri wa nchi moja kubwa, mtu mchangamfu, akazungumza kwa Kifaransa juu ya mafanikio ya mageuzi. Nikawa namnong'onezea Waziri wetu sentensi baada ya sentensi. "Nimefurahishwa sana," nikasema sikioni mwake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa yule waziri, "na mfano wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako wananchi wametengeneza barabara ya chai kwa mikono yao bila kuingoja serikali. Huu ndio ushahidi kwamba sera yetu ni sahihi."

Sauti yangu haikutetemeka. Nilifundishwa isitetemeke. Ila nadhani nilichelewa kidogo, kwa sababu Waziri aligeuza kichwa.

"Huko anakosema ni kwenu?" akaninong'oneza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni Kinyala."

"Ni kweli?"

Niliulizwa, nikajibu. "Barabara ni kweli. Waliomba, wakakataliwa, ndipo wakashika majembe. Na mwenyekiti wao alivunjika mguu kwenye kalavati."

Waziri huyo alikuwa mtu mtaratibu, na kila mara alizungumza Kiingereza kwenye vikao hivyo. Zamu yake ilipofika aliniambia, "Leo nitasema Kiswahili. Nikisema Kiingereza humu ndani najikuta naomba." Utaratibu uliruhusu: mjumbe angeweza kusema lugha yake iwapo alikuja na mkalimani wake. Ila hakuna aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kwa Kiswahili nikiwepo. Mwenyekiti wa kikao akatafuta swichi ya kusikilizia tafsiri, kisha akakumbuka kuwa chumba hakina kibanda.

"Mahali palipotajwa pana jina," alisema Waziri. "Panaitwa Kinyala. Watu wake hawakuthibitisha sera ya mtu. Walituomba barabara, nasi tuliomo humu tukakubaliana kutowapa. Nasema tuliomo humu, kwa sababu na mimi nilikuwepo, nikakaa kimya. Mama mmoja amevunjika mguu akifanya kazi iliyokuwa yetu. Kabla ya kumpongeza, ningependa kwanza tumpe pole."

Nikasimama nikayasema kwa Kifaransa. Nilipofika kwenye "na mimi nilikuwepo", niliona watu wakiacha kuandika na kunitazama mimi badala ya Waziri. Yule waziri mchangamfu aliinamisha kichwa kidogo, sijui kwa aibu au kwa adabu tu. Mwenyekiti akashukuru, akatamka "Kinyala" kwa namna ambayo mtu wa Kinyala asingelitambua, akaenda kwenye ajenda inayofuata.

Wakati wa kahawa yule afisa mwandalizi mrefu alinijia. "Ni yule wa migomba?" akauliza.

"Ndiye."

Alisimama na kikombe chake bila kunywa. "Mwambie namkumbuka," akasema, kisha akaitwa.

Tamko la mwaka ule lilisema utunzaji wa barabara za vijijini ni wajibu wa serikali pamoja na washirika wake. Safari hii maneno yalibaki. Greda lilifika Kinyala baada ya masika mawili, na daraja la zege baadaye kidogo. Nimejiuliza mara nyingi kama lilitokana na tamko. Mjomba wangu alikufa akiamini lilitokana na uchaguzi, maana vyama vingi vilikuwa vimeingia na kila mgombea alitaka kuonekana na greda. Pengine yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Sekela nilipompelekea habari hakuuliza juu ya tamko. Aliuliza, "Waziri alilitaja jina la Kinyala?"

"Alilitaja."

"Alilitamka vizuri?"

"Yeye alilitamka vizuri. Mwenyekiti ndiye aliyelivuruga."

Akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaniomba nimsaidie kunyanyuka.

Nilitumikia wakuu wengine watatu wa kitengo kabla sijastaafu. Sasa nipo Kawetele na migomba na parachichi zangu. Nikikaa nikafikiri, siwezi kusema wale wakubwa walikuwa watu wabaya. Wengi walikuwa na huruma. Ila walisikiliza wakiwa na haraka, na mambo ya kwetu yalifika kwao yakiwa yamefupishwa na watu wengi njiani, kila mmoja akilainisha kidogo kwa nia njema. Mimi kazi yangu ilikuwa kutokuwa mmoja wa hao. Ni kazi ndogo ukiitazama kwa mbali. Kwa karibu inamaliza nguvu za mtu.

Majuzi alikuja binti mmoja wa Kisondela, Bupe, aliyepata kazi ya ukalimani Dodoma. Alishuka kwenye bodaboda na zawadi ya ndizi, akanikalisha chini kwa maswali. Mwishoni akauliza, "Bibi, hivi inasaidia? Kukaa pale na kurudia maneno ya watu?"

Nikamwambia twende Kinyala.

Sekela ni mzee sana sasa, macho yamefifia, lakini ulimi bado. Bupe akamsalimia kwa Kiswahili. Sekela akamuuliza kwa Kinyakyusa ni mtoto wa nani, na binti akanigeukia mimi.

"Unakisikia?" nikamuuliza.

"Nakisikia, bibi. Kukisema ndiyo shida."

"Basi mjibu."

Akajaribu. Sekela akamsahihisha, tena kwa ukali, akamwambia arudie. Nikachukua vikombe nikaenda kuvioshea nje. Maji yalikuwa baridi, nami sikuwa na haraka. Kutoka ndani nilisikia binti akikwama, mzee akimsubiri, binti akianza upya, kisha wote wawili wakicheka kitu ambacho sikukidaka. Vikombe viliisha. Nikavifuta kimoja kimoja, nikakaa kizingitini nikingoja waniite niwasaidie.

Hawakuniita.