Pikipiki Iliyokataliwa Mara Tatu

Mke wangu ana dada mmoja tu, na huyo dada mtu hajawahi kununua kitu bila kukigeuza juu chini. Nyanya anaibonyeza, kiatu anakikunja, ndoo anaijaza maji kwanza pale pale dukani huku mwenye duka akihema. Ni muuguzi wa chanjo. Mtaani wanamwita Mama Chanjo. Mimi namwita shemeji, naye vivyo hivyo.

Alianza hospitalini kama mfagiaji. Miaka sita alisukuma fagio kwenye korido zile zile huku akisoma masomo ya jioni, mpaka siku moja waliomzoea na ndoo wakamwona na sindano. Sasa anapeleka chanjo kwenye zahanati tatu za mbali, kasha la barafu limefungwa nyuma ya pikipiki. Mwezi uliopita pikipiki yake ilimfia njiani, jua la saa saba. Aliisukuma saa mbili nzima. Alipofika, barafu ilikuwa maji ya kunawa, dozi zote zikatupwa, na kina mama waliomsubiri tangu asubuhi wakarudi na watoto wao kama walivyokuja. Mkuu wake hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba Jumatatu aje na pikipiki ya kutegemewa, la sivyo njia ile anapewa mwingine na yeye anarudi wodini.

Alhamisi akaja kwangu. Nauza pikipiki zilizotumika, mwaka wa kumi na saba huu, na nilikuwa nikiamini hakuna wa kunifundisha.

"Shemeji, nina nafasi moja," alisema kabla hajaketi. "Ukiniuzia jeneza, nahamia sebuleni kwako."

"Sebuleni kochi bovu."

"Mimi nitalivumilia kochi. Wewe ndiye hutanivumilia mimi."

Alisema kweli. Pikipiki mbovu ukimuuzia mgeni, unabadilisha njia ya kupita. Ukimuuzia shemeji yako, utaisikia kila unaponawa mikono uanze kula.

Kwa hiyo nilimwonyesha bora niliyokuwa nayo, nyekundu, inang'aa utadhani pete ya uchumba. Nikampa na fomu zake za ukaguzi wa barabarani, miaka mitano, moja kwa kila mwaka. "Soma mwenyewe. Kila mwaka imefaulu mara ya kwanza. Haijawahi kukataliwa hata siku moja."

"Na ile ya kijivu pale ukutani?"

"Achana nayo. Tangi limebonyea, kiti kimeshonwa kwa mkono, na ukaguzi umeikataa mara tatu. Ile naiuza vipande vipande."

"Nipe na karatasi zake."

Aliketi juu ya tairi kuukuu, akavaa miwani, akazitandaza fomu kumi mapajani. Fundi wangu akacheka. "Mama, pikipiki husikilizwa injini. Haisomwi kama barua ya mchumba."

"Injini nitaisikiliza ikishapoa," alimjibu bila kuinua kichwa. "Umeiwasha uliponiona nakuja, ili isinisumbue kwenye kiki. Nimegusa bomba la moshi."

Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana spana ya kutafuta.

Shemeji alisoma muda mrefu. Alikuwa na penseli, akiweka alama ndogo ndogo pembeni. Hatimaye akaniuliza, "Mgonjwa ambaye kadi yake haina kitu, ni mgonjwa gani?"

"Mzima."

"Au hajapimwa. Njoo hapa uone." Akaweka kidole kwenye fomu za ile nyekundu, mahali mkaguzi anapoandika kilomita. "Mwaka wa kwanza imetembea elfu tisa. Wa pili, elfu kumi zaidi. Wa tatu, elfu kumi na moja zaidi. Wa nne, mia saba tu. Wa tano, mia saba tena. Iliumwa nini?"

"Mwenyewe alisema alikuwa safarini, imelala uani."

"Imelala. Sawa. Sasa soma maelezo ya mkaguzi. Mwaka wa nne ameandika tairi la nyuma jipya. Mwaka wa tano ameandika tena, tairi la nyuma jipya. Kitu kilicholala uani kimemaliza matairi mawili kwa usingizi?"

Nilimnyang'anya karatasi. Nilisoma mara mbili, masikio yakaanza kuniwaka moto. Nikainamia gurudumu la mbele: mtu alikuwa amechomoa kebo ya mita, akaitembeza pikipiki miaka miwili bila kuhesabu, kisha akaniletea mimi. Mimi! Nilikuwa nimetazama rangi, nimesikiliza injini, nimeona maneno "imefaulu" mara tano, nikatoa pesa.

"Umeingizwa mjini, shemeji," alisema, na sikuona huruma usoni pake.

Kisha akageukia ya kijivu. Kilomita zake zilipanda kila mwaka bila kuruka, elfu kumi na nne, kumi na tano, hivyo hivyo mpaka jumla ya elfu sabini na moja. Mwaka wa pili ilikataliwa kwa breki. Ikarudi baada ya siku mbili, ikapita, yote kwenye fomu ile ile. Mwaka wa tatu ikakataliwa kwa cheni. Ikarudi kesho yake. Mwaka wa nne shokapu ya mbele. Ikarudi baada ya siku tisa.

"Siku tisa alikuwa anatafuta shokapu yenyewe, si ya kubandika," alisema. "Na tazama, hakuna ugonjwa uliorudi. Huyu mwenye pikipiki akiambiwa, anatibu."

Nilianza kuona biashara. "Basi chukua ya kijivu."

"Haraka ya nini? Kuna kitu kinanitia wasiwasi." Penseli ikashuka. Mwaka wa tatu mkaguzi alikuwa ameandika kwamba oili inatoka kidogo chini ya injini, iangaliwe. Mwaka wa nne maneno yale yale. Mwaka wa tano, kimya. "Imetibiwa, au imeoshwa?"

Jibu nilidhani ninalo. Katika kazi yetu hakuna anayepeleka pikipiki kwenye ukaguzi kabla ya kuosha injini kwa mafuta ya taa. Unaisugua asubuhi, unaifuta, inaingia kituoni kavu kama biskuti. Kufikia jioni inalia machozi meusi, lakini cheti umeshakitia mfukoni. Wote tunafanya hivyo, na wakaguzi wanajua.

Nadhani aliyasoma hayo usoni mwangu. "Jumamosi asubuhi nitaipanda mpaka zahanati ya mwisho na kurudi. Kilomita themanini. Halafu inaingia ukaguzini hapo hapo. Mtu asiiguse na kitambaa."

"Kituo kinafungwa saa sita mchana."

"Basi nitaondoka alfajiri."

Jumamosi saa nne nilikuwa nimeshafika kwenye kituo cha ukaguzi, nimesimama kivulini na fomu mkononi. Saa nne na nusu, hayupo. Saa tano, hayupo. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mke wangu, na hakuna yaliyopangika. Saa tano na robo nikasikia injini kabla sijaiona. Akaingia amejaa vumbi mpaka kope, amesimama kwenye kila zahanati kama siku ya kazi, kasha la barafu nyuma limejaa chupa za maji ili uzito uwe ule ule wa kazini.

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye tochi, mtu wa maneno machache. Aliizunguka mara moja akakunja uso. "Mbona mmeniletea shamba zima? Maji hakuna kwenu?"

"Nataka uione ilivyo, baba," shemeji akasema.

Mzee akamtazama kidogo. Nadhani miaka yote ya kazi hakuwahi kuambiwa hivyo. Akatandika kipande cha boksi sakafuni chini ya injini, akasema iachwe ikiunguruma, akaenda kukagua breki, cheni na taa bila haraka yoyote. Sisi wawili tulilikodolea macho lile boksi. Shemeji alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake akiisokota kidoleni. Huyu ndiye mtu anayewachoma sindano watoto mia kwa siku bila mkono kutetemeka.

Mzee alirudi, akachuchumaa, akamulika chini ya injini. Akapitisha kidole. Akalivuta boksi, akaligeuza kwenye mwanga.

"Kavu," alisema. "Gasketi imebadilishwa, tena si zamani sana. Aliyeifunga anajua kazi."

Shemeji alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Lakini imekataliwa," mzee akaendelea, akiandika. "Taa ya breki nyuma haiwaki."

Nikamgeukia shemeji, nikamwona anacheka, anacheka kweli, vumbi likipasuka mashavuni. "Balbu tu? Hiyo tu? Asante, baba. Sasa najua umeangalia."

Balbu niliibadilisha mwenyewe kwa dakika tano. Cheti kikatoka saa sita kasoro kumi. Nilidhani tumemaliza, nikataja bei yangu. Akavua miwani.

"Shemeji, pikipiki iliyokataliwa mara nne unaiuza bei hiyo, huoni haya?"

"Si wewe uliyesema kukataliwa ni sifa?"

"Nilisema kwa mnunuzi. Kwa muuzaji ni aibu."

Nilishuka. Akanikandamiza, nikashuka tena, na sina cha kulalamika, kwa sababu ile ya kijivu nilikuwa nimeinunua kama chuma chakavu.

Jumatatu asubuhi mkuu wake aliizunguka, akauliza lile tangi lililobonyea ni habari gani. Shemeji alimpa fomu zote sita, akasubiri. Mkuu akasoma, akatia sahihi kwenye daftari la safari, akamkabidhi kasha.

Saa tano na nusu nikapata ujumbe wake kutoka zahanati ya mwisho. *Nimefika. Barafu bado ngumu. Watoto arobaini na mmoja wananisubiri, usinipigie.*

Nikairudisha simu mfukoni, nikamwita fundi. Nilimwambia arudishe kebo ya mita kwenye ile nyekundu, na aandike wazi kwenye kikaratasi cha bei kwamba kilomita zake haziaminiki.