Karatasi za Kofia

Mie sikusoma. Nilihitimu Kurani, na kuandika nikajifunza kwa kuchungulia vitabu vya kaka zangu walipolala mchana. Lakini kuchora nimechora tangu sijui kusuka nywele zangu mwenyewe, na anayetaka kunifunza kuchora namsikiliza kwa adabu, kisha nachora ninavyojua.

Kazi yangu ilikuwa kofia. Sikushona. Watu huyachanganya mambo hayo mawili, na mie hunikera. Mshonaji hukaa na kofia miezi, anatoboa vijitundu na kuvizungushia uzi mpaka macho yanamtoka machozi. Lakini kabla hajachoma sindano, lazima pawe na mtu aliyekaa na kitambaa cheupe kitupu akaamua maua yakae wapi, yapinde wapi, na vipi ukanda unaozunguka kichwa ukutane mwisho na mwanzo bila kuonekana kiungo. Mtu huyo ni mie. Sikuwa wa duka wala wa tajiri. Aliyebisha hodi na kitambaa chake nilimchorea.

Namna yetu ilikuwa hii. Natafuta karatasi ngumu, ile ya kufungia sukari, nalichora ua moja juu yake. Kisha nalitoboatoboa kwa sindano, tundu karibu na tundu, kufuata mstari. Nasaga nili, hii hii ya kufulia kanzu, naifunga katika kitambaa chepesi kama kifurushi cha ubani. Karatasi juu ya kitambaa, kifurushi tap tap tap, unainua, na ua lishakaa chini kwa vitone vya buluu. Kofia ikimalizika kushonwa inafuliwa, nili inaondoka, unabaki uzi peke yake. Karatasi ile unaiweka, kwa sababu ukiwa nayo unaweza kupiga ua lile lile mara mia. Na wewe ukiweza, mwengine yeyote aliyeishika anaweza. Hilo litazamwe vizuri, kwa sababu ndilo lililonitoa katika nyumba ya ami yangu.

Tulikuja huku kwa Waarabu mwaka wa sitini na nne, mie na mama yangu, tukitoka Unguja na kasha moja la nguo na bati moja la biskuti. Ndani ya bati mlikuwa na karatasi zangu. Mama alinisema njia nzima. "Watu wanachukua dhahabu, weye unachukua makaratasi!" Baba alikuwa keshakufa, na mume nilikuwa nimeachana naye kwa salama. Ami, ndugu yake baba, alikuwa na nyumba Matrah, akatupokea. Sitasema vibaya juu ya kupokewa kule. Alitupa chumba chake kizuri, chenye dirisha la kuingiza upepo, akalala yeye penye joto. Wanawe walikuwa wakicheka Kiarabu changu, wakinigeza ninavyoomba maji. Nikawachorea kofia kila mmoja, mama akazishona. Wakanyamaza.

Kofia zile zilipotoka barabarani, mlango wa ami haukupoa tena. Walikuja wa kwetu wanaokaa Darsait, wakaja Mabulushi, wakaja Waarabu wa Bawshar juu ya punda na vitambaa vyao vimekunjwa kifuani. Huyu anataka ya baba yake, yule ya mwanawe anayehitimu. Mama akiwatolea kahawa na kuwauliza habari za viungo vyao vinavyouma, maana magoti yake yeye yalikuwa mabovu na alipenda kusikia ya wenzake. Ami akirudi sala ya adhuhuri anakuta viatu vya wanawake wasiomuhusu mpaka njiani. Anakohoa mlangoni, anasubiri wajifunike, anapita kainamisha kichwa. Mwanamume katika nyumba yake anapita kama mgeni. Nilimuona, na nilimuonea huruma. Lakini sikuacha.

Kulikuwa na kofia ya namna moja niliyoichora kwa sharti. Kwetu, msichana akichumbiwa, kofia ya kwanza ya bwana harusi huishona mwenyewe kwa mkono wake. Ua la kofia ile ni la watu wale wawili. Mchoraji halichori tena kwa mtu mwengine, na bwana harusi haivui kofia hiyo kichwani akamuazima mtu. Ikionekana kichwani kwa mwanamume mwengine kabla ya harusi, watu watauliza msichana alishona ngapi, na kwa ajili ya nani.

Darsait palikuwa na binti kama huyo, mtoto wa pekee kwa mama yake. Mchumba wake alikwenda Kuwait kutafuta, na harusi ilikuwa akirudi. Binti akaja kwangu akakaa kitako, akasema, "Bibi, nataka kilua."

"Kilua? Huku kuna kilua?"

"Ndiyo maana nnakitaka."

Nikamchorea viua vya kilua cha kwetu Unguja, vile vilivyofumba nusu, kichwa kizima na ukanda wote. Harufu tu sikuweza. Karatasi yake nikaitia chini kabisa katika bati, nisije nikaipiga kwa kusahau.

Sasa, ami alikuwa na rafiki yake mwenye duka la vitambaa na kofia katika soko la Matrah, mtu aliyepata kukaa Unguja miaka mingi na Kiswahili akakijua. Huyo alituma maneno kwa ami mara kwa mara. Anataka nimchoree yeye tu. Vitambaa vitakuja kwa furushi, vitaondoka kwa furushi, na wanaotaka kofia waende kwake. Ami aliniambia, "Mwanangu, hivi ni heshima zaidi. Hutabishiwa hodi na kila mtu." Nikamjibu, "Ami, wakiacha kunibishia hodi, ntachora anachotaka yeye." Akasema nifikiri. Nikasema nishafikiri. Tukaachana hapo, nikadhani yamekwisha.

Siku moja nikamchukua mama Bawshar kwenye chemchemi ya maji ya moto, kwa ajili ya magoti yake. Tulilala huko kwa mteja wangu mmoja. Tuliporudi nikafungua kasha nipate kanga kavu, nikaona bati la biskuti limekaa upande usio wake. Nikalinyanyua. Jepesi.

Ami alikuwa uani anakunywa kahawa. Hakuficha. Mtu yule hakuwa mwizi, na ndiyo maana ilikuwa vigumu.

"Nimempa sahibu yangu," akasema. "Tuliahidiana. Zitakaa dukani kwake, na weye utapumzika."

"Umempa zote?"

"Karatasi tu, mwanangu. Hazina jina la mtu."

"Kila moja ina mwenyewe, ami, na wote nnawajua. Moja ya harusi."

Akaweka kikombe chini. Nikaona kwamba hilo hakulijua. Lakini mtu mzima keshatoa neno lake sokoni, atalirudisha vipi? Akasema, "Ntamwambia aiweke pembeni."

"Lini?"

"Nikimuona."

Mama, ambaye alikuwa bado hajavua buibui, akaanza kujifunga tena. "Usihangaike, shemegi," akamwambia. "Sisi twamuona sasa hivi."

Tukatoka. Mama analalamika magoti kila hatua na anatembea mbele yangu. Zama zile mwanamke wa nyumba za watu haingii soko kubwa kusimama dukani akajibizana na wanaume. Mtu akaniambia njiani, "Ya bint, umepotea?" Mama akamjibu kwa Kiswahili maneno ambayo sitayaandika hapa, na yule bwana, kwa bahati yake, hakuyaelewa.

Mwenye duka alikuwa amekaa juu ya mkeka, wanaume watatu mbele yake wanachagua. Karibu yake bakuli la maji la kusuuzia vikombe vya kahawa. Na juu ya paja la mmoja wao, mzee mwenye ndevu za hina, kitambaa cheupe chenye vitone vya buluu. Kilua changu. Kisha kimepigwa ovyo, ua moja limempanda mwenzake mgongoni.

Nikatoa salamu. Wakajibu. Mwenye duka akanitambua kwa lafudhi ya Unguja, maana uso ulikuwa umefunikwa.

"Binti wa ndugu yangu! Mbona umejitaabisha? Ungetuma mtoto."

"Nimefuata karatasi zangu."

"Ami yako kanipa."

"Ami yangu hakuchora hata moja. Muulize achore jani."

Wale wanaume wakatazamana. Yeye akacheka, cheko la kumtuliza mtoto. "Kaa unywe kahawa. Nyumbani kuna wakubwa, sisi tumeshazungumza na wakubwa."

"Mkubwa wangu huyu hapa," nikasema, nikamuonesha mama.

Mama akasema, "Na magoti yanamuuma, kwa hivyo fanya haraka."

Akaona hatutoki. Akabadilisha sauti. "Karatasi zipo hapa na zitabaki hapa. Ukitaka kuchora, utachora kwangu. Ukikataa, nna ninachohitaji."

Sikumjibu yeye. Nikamgeukia yule mzee, kwa Kiarabu changu kilekile walichokicheka. Nikamwambia, baba, hilo ua lililo pajani mwako ni la mchumba wa watu. Msichana anaishona kofia yake hivi sasa, na bwana harusi yuko safarini. Ukipenda kuivaa, vaa, lakini uvae ukijua.

Mzee alikitoa kitambaa pajani kama kimemwagikiwa na uji wa moto. "Astaghfirullah," akasema, akakiweka chini, akajipangusa mikono kanzuni. Kisha akamtazama mwenye duka. "Wewe ungenivisha mie kofia ya harusi ya kijana wa watu? Nikasimama nayo msikitini?"

"Sikujua, wallahi sikujua. Ua ni ua."

Nikainama nikakiokota kile kitambaa.

"Hicho kitambaa changu!" akasema mwenye duka.

"Chako. Sikichukui."

Nikakitia katika bakuli lake la kusuuzia vikombe. Nikakisukasuka, nikakikamua, nikakitia tena. Nili haina ubishi na maji. Nilipokinyanyua maji yalikuwa ya buluu na kitambaa cheupe pepe, na nikakitandaza mbele yake juu ya mkeka, maji yakachirizika mpaka kwenye kofia nyengine.

"Kitambaa chako hicho. Sasa karatasi zangu."

Mmoja wa wale wanaume alishindwa kujizuia, akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomshinda mwenye duka kuliko maneno yangu. Akanyoosha mkono chini ya mto, akazitoa zote, akazitupa miguuni pangu. Nikaziokota moja moja, nikazitazama moja moja, yeye ananingoja.

"Matrah hii hutopata tena kuchora," akasema.

"Basi ntachora Darsait."

Nilisema tu. Sikuwa nimefikiri. Lakini tulipofika nyumbani ami alikuwa keshapata habari, maana sokoni maneno yana miguu kuliko mama yangu. Alikuwa amesimama, hakukaa.

"Umeniaibisha mbele ya sahibu yangu."

"Nimerejesha changu."

"Katika nyumba yangu, mwanangu, mkono wako utafanya kazi ninayoiridhia."

Kwa ukali hakusema. Alisema kama anayeomba. Angenipigia kelele ingekuwa rahisi. Nilimbusu mkono wake, nikaingia ndani, nikafunga kasha. Mama alikaa juu ya kitanda kizuri kile chenye upepo, akakipapasa, akanitazama. Nikadhani atalia. Akasema, "Na huko Darsait kuna dirisha?"

Halikuwepo. Mama wa yule binti alitupa banda la makuti ya mtende nyuma ya nyumba yake, na kiangazi tukimwagia makuti maji tupate kupumua. Mama alinisimanga kwa dirisha lile mpaka alipokufa.

Siku tuliyohamia niliwasha moto wa kuchemsha chai, nikazitia karatasi zote. Ya kilua kwanza, binti mwenyewe akiiangalia, kisha zilizobaki. Mama akapiga ukelele. "Umezifuata mpaka sokoni, unatutoa nyumbani kwa watu, kisha unazichoma?"

"Karatasi inashikika, mama. Leo kazishika ami. Kesho atazishika nani?"

Tokea hapo nikachora kwa mkono mtupu, penseli juu ya kitambaa. Kofia ya kwanza, ya mwanamke wa Bawshar kwa mumewe, maua hayakunitosha ukanda. La mwisho likabaki jembamba, limebanwa kama mtu aliyechelewa kuingia safu ya sala. Mwenyewe akaliangalia, akaniangalia. Nikamwambia, "Ndiyo ilivyo." Akaichukua. Baadaye mkono ulizoea.

Binti alimaliza kofia yake ya kilua, bwana wake akarudi, akaivaa, na sijaliona ua lile popote tena. Wateja walinifuata Darsait, wachache kwanza, kisha wote. Mwenye duka naye akatafuta mchoraji mwengine, sina habari naye.

Ami hakuja. Mwaka mmoja, wa pili, salamu zinapita kwa watoto, sikukuu tunakwenda tunambusu mkono tunarudi. Kofia haizungumzwi. Mpaka mwaka wa sabini, kiangazi kimeanza kuvunjika, nimekaa na wanawake wawili, kitambaa cha mmoja kiko magotini pangu, nikasikia mtu anakohoa nje. Kikohozi nilikijua.

"Hodi," akasema.

Wanawake wakajifunika. Nikasema karibu, hakuingia. Akasimama pale pale juani, na kwapani ana kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri.

"Ya kwangu," akasema. "Kichwa changu unakijua."

"Vichwa hubadilika, ami. Ntakipima."

Mama akatokea na kahawa, anacheka wazi wazi. "Shemegi, mbona hukumpelekea sahibu yako?"

Ami akaninyooshea kile kitambaa.

Nikamwambia, "Weka hapo, ami, ukae kivulini. Kuna wenzio wawili wamekutangulia."

Akakaa.