Mnadi na Giga Nne

Jamani, yule mnadi alikuwa na mdomo! Miaka thelathini aliuza samani na magari mabovu kwa maneno yasiyo na kituo. Ukipepesa macho tu, umeshauziwa kabati usilolitaka. Kisha ugonjwa ukamshika kooni, madaktari wakakata walichokata, sauti ikaenda. Na mikono ikaanza kutetemeka, hata kalamu haishiki.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, akabaki na mume anayeongea kwa laptopu. Mzee anadonoa herufi kwa kidole kimoja, mashine inamsomea. Lakini ilikuwa kuukuu, inaganda ovyo. Neno linaandikwa sasa, linatoka watu wakiwa wameshahamia habari nyingine. Binti yao wa pekee, aliyefanya kazi kiwandani mji wa mbali, alikuwa akipiga simu, anakutana na kimya, anakata. Hilo lilimuuma mzee kuliko kidonda chenyewe.

Wakaenda kwa fundi. Akafungua mfuniko, akawaonyesha nafasi moja iliyo wazi.

"Mama, nina memori mbili, bei sawa. Hii giga nane, kasi ya kawaida. Hii giga nne, ina kasi kweli. Chukueni kubwa. Mashine yenu imejaa, haina pa kuweka vitu inapofanya kazi. Na hiyo ya kasi ikikaa na ile ya zamani iliyomo, itakwenda kwa mwendo wa ya zamani."

Mama akaelewa mara moja. Kwenye meza ndogo, hata mshonaji mwepesi nguo zinamwangukia chini. Lakini mzee akagonga kidole juu ya ile ya kasi. Akagonga tena.

"Baba, msikilize fundi," mama akamsihi.

Wapi! Akamtolea macho. Mama akamhurumia, mwaka mzima kila mtu alikuwa akimwamulia mambo yake. "Haya, mwekee anayoitaka," akamwambia fundi.

Ikawekwa. Mashine ikaendelea kuganda vilevile.

Wiki mbili baadaye pumzi za mzee zikawa fupi. Asubuhi moja binti akapiga akiwa getini kiwandani, mahali simu zinapoachwa mpaka jioni. Mama akaweka spika.

"Shikamoo baba. Mama anasema umezidiwa. Nije leo, au nisubiri likizo, mwisho wa mwezi?"

Mzee akadonoa. Mashine ikaganda.

"Baba?"

Mama akafungua mdomo ajibu, mzee akamwinulia kiganja. Alichukia mno kusemewa. Mama akanyamaza. Mungu amsamehe, akanyamaza.

"Naona amesinzia. Basi nitakuja mwisho wa mwezi. Naitwa ndani, mama."

Simu ikakatika. Ndipo mashine ikasema, kwa ile sauti yake isiyo na haraka: "Njoo leo, mwanangu."

Mama alipiga mara kumi na moja. Imezimwa. Namba ya ofisi ya kiwanda hakuwa nayo. Mzee akafariki saa tisa alasiri, zamu ya binti haijaisha.

Baada ya mazishi, binti akaketi kando ya cherehani, macho yamevimba.

"Mama, siku ile baba alitaka kuniambia nini?"

Mama akachukua shati la shule, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Alikuwa anakusalimia tu. Alisema fanya kazi yako, usiwe na wasiwasi."

Binti akashusha pumzi ndefu, akamwegemea mama yake begani.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa nadhani aliniita."